Mkono wa Mtoto na Lugha ya Moyo: Historia Fupi ya Kufundisha Uchoraji wa Hisia

Utamaduni wa taifa haujengwi na ngoma, nyimbo na vinyago vya watu wazima peke yake. Hujengwa pia na yale ambayo watoto hujifunza kuyatenda kwa mikono yao tangu siku zao za mwanzo shuleni. Miongoni mwa hayo ni kuchora. Lakini katika shule nyingi somo la kuchora limehesabiwa kuwa ni la kupumzikia baada ya hesabu na lugha, au ni la kupambia kuta mgeni anapotazamiwa kufika. Mwalimu huchora chungu ubaoni, na wanafunzi arobaini hukinakili. Ambaye chungu chake kinakaribia kile cha mwalimu hupata alama nyingi. Ambaye chungu chake kiko mbali hupata chache. Hapana anayeuliza watoto wale arobaini waliona nini, wala walikuwa na nini moyoni walipokuwa wakichora.

Hatusemi kwamba kunakili hakuna faida. Fundi mwanafunzi huanza kwa kufuata mkono wa fundi mkuu. Twasema tu kwamba kuchora kuna kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kumwezesha mtoto kuyatoa nje yaliyomo ndani yake: furaha, hofu, huzuni, hasira na matumaini, ambayo mara nyingi hana maneno ya kuyataja. Katika insha hii tutaeleza jinsi kazi hiyo ilivyogunduliwa na walimu, ilivyojaribiwa katika wakati wa dhiki kuu, na ilivyofika Afrika Mashariki. Twakusudia kuonyesha jambo moja: kwamba mtoto hawezi kusema ya moyoni kwa mchoro kwa kuachwa peke yake tu, wala kwa kuamrishwa tu. Huhitaji mwalimu atakayempa nidhamu ya jicho na ya mkono, kisha amwachie yeye mwenyewe neno la kusema.

Maana ya uchoraji wa hisia

Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walisifiwa kwa kadiri picha zao zilivyofanana na vitu vyenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 baadhi yao walianza kuiacha njia hiyo. Mwaka 1893 Edvard Munch, mchoraji wa Norway, alichora picha iitwayo Ukelele. Ndani yake mtu amesimama darajani, mikono mashavuni, kinywa wazi. Na mbingu iliyo juu yake imepindapinda kwa rangi nyekundu kama kwamba nayo inalia. Hakuna mbingu iliyo hivyo. Hata hivyo, mtu aliyewahi kushikwa na hofu akiitazama picha ile ataikubali kuwa ni kweli, kwa sababu Munch hakuchora mbingu iliyoonwa na macho. Alichora mbingu iliyohisiwa na moyo.

Njia hiyo ilipewa jina la ekspreshenizimu, yaani uchoraji unaotanguliza hisia mbele ya sura ya nje. Mwaka 1905 vijana wanne wa Dresden, Ujerumani, waliunda kundi lililoitwa Die Brücke. Mwaka 1911 kundi jingine lilianza mjini Munich chini ya uongozi wa Wassily Kandinsky na Franz Marc, nalo likajiita Der Blaue Reiter. Marc alichora farasi wa rangi ya buluu. Aliyeuliza kama kuna farasi wa buluu duniani alikuwa ameikosa maana, kwani buluu ile haikuwa rangi ya ngozi ya mnyama bali ya utulivu ambao mchoraji aliuona kwake.

Wasomaji wetu wakumbuke mambo mawili kuhusu makundi hayo. La kwanza ni kwamba wachoraji hao walijifunza mengi kutokana na sanaa ya Afrika. Ernst Ludwig Kirchner na wenzake wa Dresden walikwenda kutazama vinyago vilivyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo. Na kitabu kilichotolewa na kundi la Munich mwaka 1912 kilikuwa na picha za kazi za mikono kutoka Kameruni, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya ukoloni wa Kijerumani kama ilivyokuwa Tanganyika. Mchongaji wa Kiafrika alikwisha kujua tangu zamani kwamba kichwa chaweza kuchongwa kikubwa kuliko kiwiliwili ikiwa ndicho chenye uzito katika maana. Kwa hiyo, tukisoma habari za uchoraji wa hisia tusidhani kwamba twasoma jambo la kigeni kabisa.

La pili ni kwamba kitabu hichohicho cha mwaka 1912 kilikuwa na michoro ya watoto. Kandinsky na mwenzake Gabriele Münter walikuwa wakiikusanya. Waliona kwamba mtoto, kabla hajafundishwa kunakili, huchora hasa kile kinachomgusa. Mtoto akimpenda mama yake humchora mkubwa kuliko nyumba. Akiogopa mbwa humpa meno mengi kuliko aliyonayo. Watu wazima walikuwa wameyaita hayo makosa. Sasa kulikuwa na wasanii wazima waliokuwa wakijitahidi kwa bidii kurudia yale ambayo shule iliwasahaulisha.

Darasa la Vienna

Kabla ya wachoraji hao kutambulikana, mwalimu mmoja wa Austria alikuwa amekwisha kuanza kazi. Huyo alikuwa Franz Cižek, aliyezaliwa mwaka 1865 katika mji wa Leitmeritz, huko Bohemia, nchi iliyo sasa sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Alipokuwa kijana mjini Vienna alipata nafasi ya kuwatazama watoto wakichora wao kwa wao, bila mwalimu, akastaajabu jinsi michoro yao ilivyokuwa na nguvu kuliko ile ya darasani. Mwaka 1897 alifungua darasa lake la watoto, na miaka michache baadaye darasa hilo likaunganishwa na Chuo cha Sanaa za Ufundi cha Vienna.

Katika darasa la Cižek hapakuwa na chungu ubaoni. Watoto walipewa karatasi, rangi, mkasi, udongo na mbao, wakaambiwa wafanye kazi kutokana na mawazo yao. Mwalimu alizungukazunguka, akauliza, akatia moyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Austria ilipokuwa katika njaa, kazi za watoto hao zilipelekwa Uingereza na kuonyeshwa tangu mwaka 1920 ili kukusanya fedha za kuwasaidia watoto. Walimu wengi wa Uingereza waliziona kwa mara ya kwanza, nao wakaanza kujiuliza maswali juu ya masomo yao wenyewe.

Hata hivyo, si haki kuusifu uhuru wa darasa lile bila kuupima. Waliozichunguza kazi zile waliona kwamba nyingi zilifanana: maua yaleyale, mistari ileile ya mapambo, uzuri uleule. Cižek alisema kwamba hafundishi, bali anaondoa vizuizi tu. Lakini mwalimu hufundisha hata anaponyamaza. Anachokisifu hurudiwa, na asichokitazama huachwa. Mtoto aliyeambiwa kwamba yuko huru, kisha akaona kuwa mwalimu hufurahia maua, atachora maua. Hili ni funzo la kwanza la historia hii: uhuru usio na mafunzo ya wazi waweza kuwa kunakili kwa namna nyingine.

Mwanafunzi aliyekuwa mwalimu

Miongoni mwa waliosoma kwa Cižek alikuwa msichana Myahudi aliyeitwa Friedl Dicker. Alizaliwa Vienna mwaka 1898. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, na baba yake alikuwa mwuzaji katika duka la karatasi na vifaa vya kuandikia. Baada ya darasa la Cižek aliingia katika shule ya Johannes Itten, mwalimu kutoka Uswisi. Na Itten alipoitwa mwaka 1919 kufundisha katika chuo kipya cha Bauhaus mjini Weimar, Friedl Dicker alimfuata pamoja na wanafunzi wengine, akakaa huko hadi mwaka 1923.

Itten alikuwa na njia tofauti na ya Cižek. Yeye aliamini kwamba hisia ina mazoezi yake kama vile sauti ya mwimbaji ilivyo na mazoezi yake. Kabla ya kuchora, wanafunzi walinyoosha viungo na kuvuta pumzi. Kisha walichora mwendo kabla ya umbo: mizunguko, mawimbi na mapigo, wakati mwingine kwa mikono yote miwili. Walipopewa mmea wa miiba wauchore, walitakiwa kwanza wauhisi ukali wa miiba yenyewe, ili mstari wa penseli uchome kama mwiba unavyochoma. Walishindanisha giza na mwanga, kilaini na kinachokwaruza, kizito na chepesi. Msomaji aliyezaliwa kwetu ataielewa njia hiyo upesi. Mpiga ngoma hafundishwi kuwa na furaha. Hufundishwa mapigo, na mapigo hayo ndiyo yatakayobeba furaha yake siku ya arusi na majonzi yake siku ya msiba.

Friedl Dicker alichukua kutoka kwa Cižek heshima kwa mtoto, na kutoka kwa Itten nidhamu ya mazoezi. Mwaka 1934 alikamatwa mjini Vienna kwa sababu ya siasa zake za kikomunisti, akahojiwa na kufungwa. Alipoachiliwa alikimbilia Prague. Huko alichora picha za mahojiano yale, na katika kuchora aliutua mzigo aliokuwa nao. Mwaka 1936 aliolewa na Pavel Brandeis. Katika Prague aliwafundisha kuchora watoto wa wakimbizi waliokuwa wamewakimbia Manazi, na katika kazi hiyo alikuwa na msaidizi kijana aliyeitwa Edith Kramer. Tutamtaja tena huyo baadaye.

Wakati huohuo serikali ya Kinazi ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kuupiga vita uchoraji wa hisia. Mwaka 1937 ilifungua mjini Munich maonyesho ya kuikejeli sanaa iliyoiita sanaa iliyopotoka, na kazi za Kirchner, Marc, Kandinsky na wengine wengi zilitundikwa humo ili zichekwe. Yafaa tujiulize kwa nini dola yenye mizinga na ndege iliogopa farasi wa buluu. Jibu letu ni kwamba utawala wa namna ile hutaka watu wahisi yale tu waliyoamriwa kuyahisi. Mtu aliyezoea kuuliza moyo wake mwenyewe si mwepesi wa kuamrishwa.

Masanduku mawili ya Terezín

Mji wa Terezín ulijengwa kuwa ngome kuanzia mwaka 1780. Uko kilomita chache tu kutoka Leitmeritz, mji aliozaliwa Cižek. Mnamo Novemba 1941 Manazi waliugeuza kuwa mahali pa kuwafungia Wayahudi kabla ya kuwapeleka mashariki kuuawa. Tarehe 17 Desemba 1942 Friedl Dicker-Brandeis na mumewe waliletwa humo. Kila mtu aliruhusiwa mzigo wa kilo 50. Katika mzigo wake mwalimu huyu alitia vifaa vya kuchorea.

Watoto wa Terezín walitengwa na wazazi wao, wakalazwa katika nyumba za watoto, vitanda vikiwa vimepandana hadi darini. Njaa na maradhi vilikuwa vya kila siku, na wakati wowote jina la mtoto lingeweza kuingia katika orodha ya wasafiri wasiorudi. Masomo ya kawaida yalipigwa marufuku, ingawa kuchora na kuimba kulivumiliwa. Walimu waliokuwa wafungwa walisomesha kwa siri, na Friedl Dicker-Brandeis alikusanya watoto na kuwafundisha kuchora. Karatasi safi ilipokosekana walitumia fomu za ofisi zilizokwisha kutumika, wakachora nyuma yake, au wakazikata na kuzibandika ziwe milima, miti na nyumba.

Je, aliwafundishaje? Hakuwaambia watoto wale wachore huzuni yao. Alianza na mazoezi ya mapigo aliyoyapata kwa Itten, ili mkono ulioganda kwa hofu ulegee. Aliweka kitu mbele yao, hata kiwe kikombe au kiatu, wakitazame mpaka wakione. Alitaja majina ya vitu kadhaa, kila mtoto akaviunganisha katika hadithi yake mwenyewe na kuichora. Aliwapa picha za wachoraji wakubwa wa zamani wazichunguze jinsi zilivyopangwa, kisha wazifanye upya kwa makaratasi yaliyokatwa. Na jambo moja alilisisitiza: kila mtoto aandike jina lake katika kazi yake. Mahali ambapo binadamu alipewa namba ya safari, karatasi ya kuchorea ilimrudishia jina.

Kutokana na mazoezi hayo yakatoka yaliyokuwa moyoni. Baadhi ya watoto walichora nyumba walizozitoka, meza zilizojaa chakula, mashamba, maua na vipepeo. Wengine walichora vitanda vilivyopandana, foleni ya chakula, walinzi na wagonjwa. Mwalimu hakumlazimisha aliyechora kipepeo achore mlinzi, wala hakumkataza aliyechora mlinzi. Mwaka 1943 alitoa hotuba kwa walimu wenzake wa Terezín juu ya michoro ya watoto. Alieleza kwamba masomo yake hayakukusudiwa kumfanya kila mtoto awe msanii, bali kufungua na kulinda nguvu za mtoto za kubuni, kutazama na kujitegemea. Na akawaonya watu wazima wasiwe na haraka ya kumlazimisha mtoto aone kama wao.

Septemba 1944 mumewe alichukuliwa. Friedl Dicker-Brandeis alisafirishwa kwenda Auschwitz tarehe 6 Oktoba 1944, akauawa huko mwezi huohuo, akiwa na umri wa miaka 46. Wengi wa wanafunzi wake waliuawa pia. Michoro yao ilifichwa ndani ya masanduku mawili. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Willy Groag, mmoja wa waliosimamia nyumba ya wasichana, aliyafikisha masanduku hayo Prague. Ndani yake mlikuwa na michoro 4,500 hivi, ambayo imehifadhiwa na Jumba la Makumbusho la Wayahudi la mji huo hadi leo.

Hatupaswi kusema kwamba kuchora kuliwaokoa watoto wale. Hakukuwaokoa, na anayesema hivyo anaufanya uovu uliotendwa uonekane mdogo. Lakini kwa saa chache kila juma watoto wale walikuwa tena watoto wenye macho, mikono na mawazo yao. Edith Kramer, yule msaidizi wa Prague, aliyekwenda Marekani mwaka 1938, aliiendeleza njia ya mwalimu wake. Tangu mwaka 1950 alifanya kazi New York na wavulana waliokuwa wameumia moyoni, akawa mmoja wa waanzilishi wa taaluma ya kutumia sanaa katika kuwatibu watoto. Kwa njia hiyo kazi iliyoanzia katika darasa la Vienna haikuzimika pamoja na mwalimu aliyeuawa.

Njia iliyofika kwetu

Huku kwetu mafundisho ya namna hii yalifika kwa njia nyingine, kupitia London. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalifanyika huko maonyesho ya picha za wachoraji wapya kama vile Matisse. Watu wengi walicheka. Lakini mwalimu kijana wa shule ya wasichana ya Dudley, Marion Richardson, aliziona picha zile akatambua ndani yake kitu kilekile alichokuwa akikiona katika kazi za wanafunzi wake. Yeye aliwafundisha kwa masimulizi: wanafunzi hufumba macho, mwalimu huwaeleza mahali au tukio kwa maneno, picha ikajengeka mawazoni, kisha kila mmoja akaichora ile aliyoiona yeye.

Mmoja wa waliosomeshwa ualimu na Richardson alikuwa Margaret Trowell. Alikuja Afrika Mashariki pamoja na mumewe aliyekuwa daktari, na mwaka 1937, mjini Kampala, alianza kuwafundisha sanaa wanafunzi wa Makerere, mwanzoni barazani mwa nyumba yake. Aliwasimulia matukio ya maisha yao wenyewe, nao wakayachora kutokana na kumbukumbu. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London. Kutoka shule hiyo walitokea wasanii wakubwa wa eneo letu, kama vile Gregory Maloba wa Kenya, aliyetengeneza sanamu ya uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962, na Sam Ntiro wa Tanganyika.

Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Hakuwa mfuasi wa Wajerumani tuliowataja, wala picha zake hazina ukelele wa Munch. Lakini alichora yaliyomkaa moyoni: migomba, mlima, na watu wengi wakifanya kazi pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, inayowaonyesha watu wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika hazina ya Museum of Modern Art mjini New York. Baada ya uhuru aliiwakilisha nchi yake London, na baadaye akatumikia utamaduni na elimu ya sanaa nyumbani.

Hapa tena twapaswa kupima. Mafundisho ya Trowell yalitolewa wakati wa ukoloni, na yalibeba dhana kwamba Mwafrika anayo hazina yake ya ndani ambayo itaharibika akionyeshwa mno ufundi wa watu wengine. Dhana hiyo ilikuwa na heshima ndani yake, lakini ilikuwa na ukuta pia. Kumlinda mtu asijifunze ni njia mojawapo ya kumweka mahali pamoja. Cecil Todd, aliyeishika shule hiyo baada yake mwishoni mwa miaka ya 1950, aliongeza mafunzo ya ufundi na ya historia ya sanaa ya dunia. Kila mmoja wa walimu hao wawili alikuwa na upande wa haki. Mwanafunzi anahitaji kumbukumbu za kwao, na anahitaji pia ufundi wa kuzisema.

Mwalimu wa leo afanyeje

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule zimjenge mtoto awe na akili ya kuuliza na imani katika nafsi yake. Mara nyingi maneno hayo yalifasiriwa kuwa ni habari ya majembe na mashamba. Lakini hakuna kujitegemea kunakoanzia mkononi pasipo kuanzia moyoni. Mtoto asiyeaminiwa kwamba aliyoyaona ni ya kweli hawezi kukua akiamini fikira zake.

Basi historia hii yatufundisha nini darasani? Kwanza, mwalimu asingoje vifaa vya gharama. Mkaa wa jikoni, chaki, udongo, magazeti ya zamani na gundi ya unga wa muhogo vyatosha kuanzia. Terezín imeonyesha kwamba ukosefu wa karatasi si udhuru wa kukosa mafunzo.

Pili, mazoezi yatangulie hisia. Watoto wachore mapigo ya ngoma wanayoisikia, mwendo wa mvua juu ya bati, au uzito wa ndoo ya maji kichwani. Kisha wachore tukio wanalolikumbuka: kumngoja mtu anayerudi kutoka safari, kupotea sokoni, usiku wa sikukuu. Mtoto asiamrishwe kuwa na huzuni au furaha. Apewe njia, naye mwenyewe atajua la kupitisha humo.

Tatu, mwalimu ajifunze kuuliza. Swali la "Hiki ni nini?" humwambia mtoto kwamba ameshindwa kuchora. Afadhali kusema, "Nieleze picha yako." Wala alama za kumi juu ya kumi hazifai kwa kazi ya namna hii. Ufundi waweza kupimwa. Kilio cha mtoto hakipimwi.

Nne, mwalimu asijifanye mganga. Wapo wasemao kwamba mtoto aliyetumia rangi nyeusi ana huzuni, na aliyechora nyumba isiyo na mlango hapendwi kwao. Pengine rangi nyeusi ndiyo pekee iliyokuwamo koponi, na pengine mlango uko upande wa nyuma. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mchoro ni mwanzo wa mazungumzo, si hati ya ushahidi. Lakini mtoto akionyesha, mara kwa mara, kwamba yamo mambo yanayomuumiza, ni wajibu wa mwalimu kumwona faraghani, na kumfikisha kwa wale wenye uwezo wa kumsaidia. Kumcheka mbele ya wenzake, au kuitundika siri yake ukutani bila idhini yake, ni kuufunga mlango huo labda kwa maisha yake yote.

Tano, mtoto aandike jina lake. Ni jambo dogo, lakini tumeona uzito wake. Kazi yenye jina ni kazi ya mtu, na taifa ni watu wenye majina, wala si arobaini walionakili chungu kimoja.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika nchi zetu tumewarithisha watoto hadithi, mafumbo na nyimbo, na kwa hizo tumewafundisha kusema mengi. Mchoro ni urithi mwingine wa namna hiyo. Tena ni wa kale sana kwetu, kwani michoro ya miambani ya Kondoa ingali yatuangalia mpaka leo. Walioichora walitumia rangi ya udongo na vidole vyao, nao waliacha pale yale yaliyowagusa. Mwalimu anayempa mtoto kipande cha mkaa na karatasi iliyokwisha kutumika, akamfundisha kutazama, kisha akakaa kimya kumsubiri, anaiendeleza kazi hiyo ya kale.